Kabla ya Kuuza Hewa ya Pori, Tujue Pori ni la Nani



Mu mabishano yetu ya mwezi uliopita, mwenzetu mmoja wa darasa la mwisho alisimama akasema kwamba wachoma makala ni adui wa inchi, na kwamba inafaa wafungwe wote. Watu walipiga mikono sana. Hata mimi nilipiga. Kiisha nilirudi nyumbani, nikakuta mama anahesabu feza ya makala juu ya meza, na katika feza ile ndimo ilimokuwa minervali yangu. Nilisikia haya. Mimi ni kapita wa wanafunzi, kila asubuhi ninasimama kwenye mlango na kuandika majina ya wenye kuchelewa, lakini siku ile sikuwa na nguvu ya kusimama na kusema neno moja tu: "Mama yangu anauzisha makala, na nkambo yangu ndiye anayeyachoma."

Leo nasema. Na sitaki kusema tu juu ya makala, nataka kusema juu ya jambo jipya ambalo bakubwa wanalizungumza ku redio na ku mikutano: soko la kaboni. Wanasema kwamba sasa watu masikini wanaweza kulipwa juu ya kuacha miti isimame. Je, ni kweli? Mawazo yangu ni haya: inaweza kuwa kweli, lakini kwa kijiji chenye karatasi ya pori lake mkononi. Kwa kijiji kisicho na karatasi, soko hilo litakuwa kama yale mengine tuliyoyaona hapa kwetu.

Nianze na habari ya nyumbani. Nkambo yangu anakaa mu kijiji upande wa Kambove. Pori lao ni miombo, pori lile linalotoka Angola mpaka Msumbiji, kupitia kwetu, Zambia, Malawi, Zimbabwe na Tanzania. Mule mna musamba na mutondo, mna asali, uyoga wakati wa mvua, na finkubala ambao ninyi wote munawapenda na bukari. Nkambo anakata miti, anaipanga, anaifunika na udongo, anachoma siku nyingi bila kulala vizuri. Makala yanafika Likasi juu ya kinga ama juu ya lori. Tunayachoma mu mbabula zetu Kikula na Panda, zaidi siku umeme unapokatika. Mwenzetu aliyetaka wafungwe, nafikiri hata kwao walipika na makala jioni ile.

Likizo kubwa ya mwaka jana nilikuwa kule. Siku moja gari lilifika na mabwana wawili waliovaa vizuri. Walikusanya watu chini ya muembe wa chifu. Walisema kwamba kuna watu wa Ulaya wanaotaka kulipa kijiji kusudi miti isikatwe. Walikuwa na karatasi za Kifaransa, kurasa kumi na mbili, na walitaka chifu na wazee watie sahihi siku ileile, juu ya gari lilikuwa na safari nyingine. Nkambo aliniita mbele ya watu wote.

"Mwana, weye uko unasoma ku masomo. Soma hii karatasi, utuambie iko inasema nini."

Ndugu zangu, mimi ninapata pointi nzuri katika Kifaransa. Lakini nilisoma kurasa zile na jasho likanitoka. Niliona miaka 30. Niliona neno "exclusif". Niliona kwamba kijiji kinatoa haki ya kaboni yote ya pori, iliyo juu ya udongo na iliyo chini. Sikuona mahali palipoandikwa ni feza ngapi, wala siku gani, wala nani atakayeipokea. Nilimwambia nkambo kwa sauti ndogo: "Nkambo, siwezi kusema ni mbaya, lakini sielewi yote. Ngojeni." Wazee wakawaambia mabwana waache karatasi, watajibu nyuma. Mabwana walikataa kuziacha. Waliondoka, na mpaka leo hawakurudia.

Sasa kule kijijini kuna watu wanaosema kwamba mtoto wa masomo alifukuza feza. Mujomba wangu mmoja hanisalimii vizuri. Pengine ana haki. Ndiyo sababu nilitumia mwaka huu mzima kuuliza walimu na kusoma, kusudi nijue kama nilifanya vizuri ama vibaya. Nitawaambia nilichokiona.

Kwanza, kaboni ni nini mu biashara hii? Katika kimya tumejifunza kwamba kaboni ni 12 na oksijeni ni 16. Molekile moja ya gesi ya kaboni ina kaboni moja na oksijeni mbili, jumla 44. Mti unavuta gesi ile, unashika kaboni mu mwili wake. Ukiuchoma, kaboni inarudi hewani. Mti uliokauka vizuri, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni. Basi tani moja ya mti mkavu ina kilo 500 za kaboni. Zidisha kwa 44, gawanya kwa 12, utapata gesi zaidi ya kilo 1,800 ambayo ingetoka kama ungeuchoma wote.

Gesi hii ndiyo inayozidisha joto la dunia. Mu mwaka 1997, kule Kyoto, inchi tajiri zilikubali kupunguza moshi wao, na nafasi ya kununua upunguzaji uliofanywa na wengine ikafunguliwa. Mu mwaka 2005, Papua New Guinea na Costa Rica, pamoja na inchi nyingine zenye mapori, ziliuliza swali la haki: kama tunaacha miti isikatwe kwa faida ya dunia nzima, mbona hatulipwi? Kutoka pale kulizaliwa mpango unaoitwa REDD. Kampuni ya mbali inayotoa moshi inanunua kredi. Kredi moja ni tani moja ya gesi ambayo haikutoka. Kwetu Kongo, Serikali ilipatana na mfuko mmoja unaosimamiwa na Benki ya Dunia mu mwaka 2018 juu ya jimbo la Mai-Ndombe: tani milioni 11 kwa dola milioni 55. Ni kusema dola 5 kwa tani moja.

Sasa kuna shida, na nitaieleza kwa kazi yangu ya mlangoni. Tuseme Bwana Prefe anaahidi zawadi kwa kila mwanafunzi anayeacha kuchelewa. Kesho yake atakuja mwanafunzi asiyechelewa hata siku moja tangu aanze masomo, naye anataka zawadi. Atakuja mwingine atakayesema: "Mimi nilitaka kuchelewa mara ishirini mwezi huu, nimechelewa mara mbili tu, nilipe kumi na nane." Nani anajua alitaka nini? Hivyo ndivyo ilivyo na kaboni. Haulipwi juu ya miti iliyosimama, unalipwa juu ya miti ambayo ingekatwa na haikukatwa. Hesabu ya kile ambacho kingetokea ni rahisi kuivuta upande unaotaka. Tena, wenye kuchelewa wakifungiwa mlango wa mbele wanapita nyuma ya jiko; ndivyo wakataji wanavyohamia pori la jirani. Na mwanafunzi anayewahi trimestri hii anaweza kuanza kuchelewa ile inayofuata. Ndivyo pori lililolindwa miaka kumi linavyoweza kuungua mu kiangazi kimoja.

Si mimi ninayelitunga jambo hili. Mu Januari 2023 magazeti makubwa ya Uingereza na Ujerumani yaliandika kwamba kredi nyingi sana za mapori zilizouzwa duniani hazikuwa na upunguzaji wa kweli nyuma yake. Waliozitoa walikataa, mabishano yakawa makali, na wanunuzi wengine wakaanza kuogopa. Kwa hiyo anayekuja kijijini na kusema kwamba feza ya kaboni ni ya hakika kama mushahara wa mwezi, huyo hasemi ukweli wote.

Tufanye hesabu nyingine, ile ya nkambo. Tani moja ya mti mkavu, katika tanuru ya udongo, inatoa kilo 100 mpaka 200 za makala. Ni mifuko miwili mpaka mine ya kilo 50. Tani ileile ya mti, kwa bei ya Mai-Ndombe, ni karibu dola 9 za kaboni, na zile dola 9 hazifiki zote kijijini, juu ya kuna wapimaji, kuna wakaguzi, kuna wauzaji wa katikati. Enda sokoni uulize bei ya mifuko ya makala, kiisha uniambie ni nani mjinga. Mchoma makala hakatai kaboni juu ya ubaya wa roho. Anajua kuhesabu.

Hapo mtauliza: basi kapita, unaikataa? Hapana, siikatai. Ngojeni kidogo.

Makala yamelipa minervali yangu, na ninayashukuru. Lakini mu miaka yote ambayo nkambo amechoma, makala hayakujenga kule hata chumba kimoja cha kuzalishia mama. Kila mutu anachoma kwake, anauza kwake, anakula kwake. Na kila mwaka nkambo anaenda mbali zaidi kutafuta miti. Zamani alirudi kula saa sita. Sasa analala kule kule. Siku moja miti itakuwa mbali kuliko nguvu zake. Feza ya kaboni, ikiingia vizuri, inaingia kwa kijiji kizima, kila mwaka, na pori linabaki na asali yake na finkubala wake. Faida yake ni ya namna ingine, na iko mahali ambapo imeonekana.

Tuvuke ziwa letu la Tanganyika. Ngambo ya Moba na Kalemie, mu jimbo la Katavi la Tanzania, kuna vijiji vinane vyenye pori la milima ya Ntakata, pori la zaidi ya hekta 200,000. Ni miombo kama yetu, na sokwe wamo. Vijiji vile vinauza kaboni kupitia kampuni moja ya inchi yao, na vimepata mabilioni ya shilingi za Tanzania. Wamejenga vyumba vya masomo na nyumba za afya. Vijana wao wenyewe wanalipwa kuzunguka pori na kulilinda.

Tuende mbali zaidi, mpaka bahari ya Kenya. Ku Gazi na Makongeni, vijiji viwili vya wavuvi, watu wanalinda mikoko, ile miti inayoota mu maji ya chumvi. Kazi yao inaitwa Mikoko Pamoja. Eneo lao ni hekta 117 tu, dogo sana. Tangu 2013 wanauza karibu tani 3,000 za kaboni kwa mwaka. Si utajiri. Lakini wameleta maji ya bomba na vitabu vya masomo, na wakaaji wenyewe ndio wanaokutana na kuchagua feza ifanye nini.

Turudi kwetu Kongo. Ku Mai-Ndombe, tangu 2011, kampuni za kigeni zilishika konsesyo ya hekta 300,000 iliyokuwa zamani ya kukata mbao. Mashule yamejengwa kule, na jambo hilo tusilifiche. Lakini watafiti waliopita mu vijiji waliandika pia kwamba wakaaji wengi hawakuelewa vizuri walichokubali, na kwamba ahadi nyingine zilichelewa.

Tofauti inatoka wapi? Watu wa Katavi hawana akili kuliko watu wa Inongo. Tofauti ni hii: Tanzania ina sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999. Kijiji kinatawala ardhi yake kwa sheria, na mnunuzi wa kaboni anakaa mezani na mwenye mali. Kenya nayo, mu mwaka 2023, iliandika katika sheria kwamba mipango ya kaboni inayotumia ardhi itoe kwa wakaaji si chini ya asilimia 40 ya mapato, kiisha kutoa gharama. Kwetu, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake, na sheria ya mapori ya 2002 inasema mapori vilevile ni ya Serikali. Kwa hiyo mgeni anaweza kupata konsesyo kule mjini, kiisha akafika kijijini na zawadi ya sukari na chumvi. Nkambo yangu aliyezaliwa mule anakuwa kama mupangaji.

Lakini, ndugu zangu, kuna mlango, na watu wengi hawaujui. Sheria ileile ya 2002 inasema kwamba jamii inayokaa mu pori tangu mababu inaweza kuomba pori lile liwe konsesyo yake. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 ilieleza njia. Jamii inaweza kupata mpaka hekta 50,000, bila kulipa, na bila mwisho wa miaka. Anayetia sahihi ni Guvernere wa jimbo. Kiisha pale jamii inaweza kulinda, kuvuna, kufuga nyuki, kupanga sehemu ya kuchoma makala na sehemu ya kupumzisha, na kupatana na wengine kama mwenye mali. Mu Haut-Katanga jamii nyingine zimekwisha kuingia katika njia hiyo, hata huku kwenye barabara yetu ya Lubumbashi. Si hadithi ya mbali.

Sisi wa Likasi tunapaswa kuelewa jambo hili kuliko wote. Babu zetu walikuja hapa, mji ulipoitwa Jadotville, juu ya shaba. Shaba ilitoka, kobalti ilitoka, uraniyumu ya Shinkolobwe ilitoka na ikabadilisha vita vya dunia nzima. Walioizunguka walibaki na mashimo na moshi. Haikuwa juu ya shaba kuwa kitu kibaya. Ilikuwa juu ya karatasi zilizotiwa sahihi mahali ambapo baba zetu hawakuwemo. Hata leo, sheria ya madini ya 2018 inapotoa asilimia 15 ya kodi ya madini kwa mitaa na vijiji vinakochimbwa, ni wangapi kati yetu wanaojua feza ile inafanya nini? Kaboni ni madini ya juu ya udongo. Tusiichimbe kwa namna ileile.

Najua wenzetu wengine watasema kwamba biashara hii yote ni uongo, na matajiri wanalipa kidogo kusudi waendelee kutoa moshi. Kwa upande mmoja wana haki. Anayenunua kredi na haguse moshi wake ni kama mutu anayelipa mwenziwe afunge kula, naye mwenyewe anaendelea kushiba. Lakini nkambo hawezi kufunga makampuni ya Ulaya. Anachoweza ni kuchagua pori lake lifanyiwe nini. Kama dunia inataka kulipa, na alipwe. Ila akubali akiwa anaelewa, na awe na uwezo wa kukataa. Mutu asiye na karatasi hana uwezo wa kukataa.

Sasa naomba mambo matatu, na siyaombi kwa Serikali. Nayaomba kwetu.

La kwanza: kila mwanafunzi mwenye nkambo ama mujomba mu kijiji, likizo inayokuja abebe habari ya amri ile ya 2014. Awaambie wazee: konsesyo ya jamii kwanza, kaboni nyuma. Na mgeni asiyetaka kuacha karatasi zisomwe, aende nazo.

La pili: walimu wetu wa Kifaransa na wa sosho watufundishe kusoma mapatano. Tunasoma mashairi na barua za adabu, ni vizuri. Lakini siku nilipoitwa chini ya muembe, nilikosa maneno ya mapatano. Saa mbili tu kwa trimestri zingetosha kuanza.

La tatu: sisi watu wa mji tuache kuwatukana wachoma makala kwa kinywa kilichoshiba chakula kilichopikwa na makala. Tutafute mbabula zinazokula kidogo, tupande miti ya kuni nyuma ya masomo yetu. Pale kuna nafasi, nimepima, na nimekwisha kumuomba Bwana Prefe ruhusa.

Na mimi, je, nilifanya vizuri siku ile? Bado sijui yote. Kama mabwana wale walikuwa watu wa kweli, pengine nimechelewesha nyumba ya kuzalishia ya kijiji chetu, na jambo hilo linanisumbua usiku. Lakini nimeandika amri ya 2014 katika kaye yangu, neno kwa neno, na pembeni nimeitafsiri mu Kiswahili cha kwetu. Egzamini ya Serikali ikikwisha, nitapanda lori la makala linalorudi bure, nitaenda kumsomea nkambo. Nitamsomea na mujomba vilevile, kama atakubali kukaa karibu.

Na wenye kuchelewa, kesho nitakuwa mlangoni.

Ni mimi ndugu yenu,
Kapita wa wanafunzi